Sahani ya Ramón

Jibu la kwanza alilopata Zenaida kwenye kikundi cha mtandaoni cha watafuta mababu lilikuwa la kumvunjia heshima. Alikuwa ameandika kwa adabu zote, akaambatanisha na picha ya kaburi: "Habari zenu, ndugu zangu. Namtafuta babu yangu mzaa mama, Ramón Lourido, aliyezaliwa Galisia, Hispania, mwaka 1903 akaingia Kuba 1921. Kijiji chake hatukijui. Yeyote atakayetusaidia, Mungu atamlipa." Hazikupita dakika tatu, mwanamume mmoja wa huko Hispania akamwandikia: "Mkuba mwingine anayetaka pasipoti. Babu alipokuwa hai hamkumuuliza kijiji. Leo ndiyo mnatuuliza sisi?"

Watu kumi na wanne walibonyeza alama ya kucheka. Zenaida aliketi kwenye kizingiti cha duka la dawa, mahali pekee mtaani ambapo simu ilishika mtandao, akaona uso ukimwaka moto kana kwamba wale kumi na wanne wamesimama mbele yake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yule bwana hakusema uongo. Ni kweli hawakumuuliza. Na ni kweli walitaka pasipoti.

Walioitaka walikuwa wengi katika mji wa Sagua, kwa sababu sheria mpya ya Hispania ilikuwa imewafungulia mlango wajukuu wa Wahispania waliohama, na mlango huo ungefungwa Oktoba ya mwaka uliofuata. Lakini Zenaida hakuitaka kwa ajili yake. Yeye alikuwa na miaka sitini na moja, ameshazoea kusimama nyuma ya kaunta kuanzia saa mbili asubuhi akiwaambia wagonjwa "hakuna", maana duka lenyewe lilikuwa na rafu, feni na picha ukutani, ila dawa halikuwa nazo. Aliitaka kwa ajili ya mwanawe, Osniel, ambaye angeipata kupitia kwake. Darasani kwao walikuwa thelathini na wawili. Waliobaki mjini walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa jela. Mwaka uliopita rafiki yake Yoandri aliondoka usiku kuvuka bahari kwa chelezo cha mapipa, na hadi leo mama yake hajapata hata salamu. Tangu hapo Osniel alikuwa akikusanya mapipa uani, akisema ni ya maji. Maji gani, na bomba lenyewe hutoa mara moja kwa wiki?

Kabla hajazima simu ujumbe mwingine ukaingia. "Msimjali huyo, ana uchungu wake. Mimi ni Dorinda, nilikuwa karani wa posta, sasa nimestaafu na kazi yangu ni kusoma vitabu vya makanisa. Nipe chochote ulichosikia kwa babu yako, hata kama unaona ni upuuzi. Lakini nakuonya mapema: mimi nikitafuta, natuma kila ninachokipata, sichagui."

Zenaida akamjibu kwamba hawana cha kuficha.

*

"Babako alikuwa akisema nini kuhusu kwao, mama?"

Bi Argelia alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea, na ungo wa mchele mapajani, akitoa mawe. Alikuwa na miaka themanini na minane, masikio yamepungua nguvu, lakini jiwe kwenye mchele halikumponyoka.

"Baba? Kwa mambo ya kwao alikuwa bubu yule. Ukimuuliza, anakohoa."

"Hata neno moja?"

"Alisema kengele ya kanisa lao ina ufa, inalia kama sufuria. Na sikukuu yao ilikuwa ya Mtakatifu Mariña, majira ya joto. Andika hilo." Akatupa jiwe dirishani. "Mwambie na habari ya sahani."

"Bibi na sahani yake!" Osniel alisema kutoka mlangoni, feni ya mtu mkononi, maana ndiyo kazi yake, kufufua feni za watu. "Huyo mama wa Hispania anatafuta cheti, hatafuti mapishi."

"Wewe kaa kimya, hujui lolote."

Habari ya sahani waliijua wote kwa moyo. Kila tarehe thelathini na moja Agosti, siku ya Mtakatifu Ramón, mke wa mzee Ramón alipika wali wa maziwa kwa mdalasini, maana ndiyo siku ya jina la mumewe. Wote wakala isipokuwa mzee mwenyewe. Alijaza sahani moja ndogo, akaiweka juu ya kabati, akasema, "Hiyo ni ya Ramón, asiiguse mtu." Watoto wakacheka, kwa kuwa Ramón si ndiye yeye mwenyewe? Lakini hakuila. Usiku kucha ilikaa pale, asubuhi wali huo ukamwagiwa kuku.

"Nilikuwa na miaka sita, nikatia kidole," Bi Argelia alisema, kama alivyosema mara mia. "Akanipiga kofi mkononi. Ndiyo mara pekee baba aliyonipiga maishani mwake. Kisha akaenda uani akalia, mwanamume mzima. Mama akatuambia ni uchungu wa kukumbuka kwao."

Mzee alikufa mwaka sabini na moja, na tangu hapo Bi Argelia ndiye aliyeiweka ile sahani. Hata miaka isiyokuwa na maziwa aliweka wali mtupu na sukari. Zenaida aliyaandika yote kwa Dorinda, ya kengele, ya Mariña na ya sahani, ingawa aliona aibu kidogo kumchosha mgeni na mambo ya kabati lao.

*

Dorinda alichukua wiki tano. Galisia ilikuwa na parokia tele za Mtakatifu Mariña, na akina Lourido kila kona. Jioni moja ya Desemba, umeme ukiwa umekatika mji mzima, picha ikafunguka polepole kwenye simu ya Zenaida: karatasi ya manjano, mwandiko wa kalamu ya wino. Mtaa wa Outeirón. Tarehe thelathini na moja Agosti, mwaka 1903, amebatizwa mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo hiyo, akapewa jina la mtakatifu wa siku, Ramón, mwana wa Antón Lourido na Xosefa. "Kengele bado ina ufa," Dorinda alikuwa ameongeza. "Nimempigia padre simu nikamuuliza. Cheti cha serikali nimekwisha kuomba kwa jina lako, kitakuja kwa posta."

Zenaida alikimbia nyumbani, yeye mwenye magoti mabovu. Osniel alisoma kwa mwanga wa simu, akasoma tena, akamkumbatia mama yake akamnyanyua juu hadi viatu vikamtoka. Kesho yake alinyoa ndevu. Kesho kutwa yake aliwagawia majirani mapipa yote, na Zenaida akajifungia msalani akalia kwa shukrani.

Bi Argelia alitaka asomewe jina moja tu.

"Xosefa," alirudia. "Nimefika umri huu sijui jina la bibi yangu! Zena, muulize huyo mama kitu kimoja. Amwangalie huyo Xosefa alizikwa lini. Nataka nimsomeshee misa. Alimtoa mwanawe akaenda baharini asimwone tena, na hakuna aliyemwombea huku."

"Bibi, tumeshapata tunachotaka," Osniel alisema. "Tusimsumbue mtu."

"Wewe umepata unachotaka. Mimi naomba changu kimoja."

Zenaida aliona ni jambo dogo. Akaandika.

*

Majibu yalikuja Januari, saa nne asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika barabarani.

"Mpendwa Zenaida," Dorinda aliandika. "Xosefa alizikwa mwaka 1934. Lakini katika kumtafuta nimekipitia kitabu cha maziko chote, na nilikuambia sichagui. Soma ukiwa umeketi."

Hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama kizingitini na simu, na mbele yake mzee mmoja alikuwa akiuliza dawa ya presha. Picha ikafunguka: Februari 1912, amezikwa mtoto Ramón, mwana wa Antón Lourido na Xosefa, umri miaka minane, ugonjwa wa koo.

"Hawakuwa na Ramón mwingine," Dorinda aliendelea. "Walikuwa na wavulana wawili tu. Mkubwa alikuwa Benito, wa mwaka 1899. Nimemkuta kwenye orodha ya walioitwa jeshini kwa ajili ya vita vya Moroko: 'Benito Lourido, hakutokea, inasemekana yuko Kuba.' Aliyeitwa jeshini hakupewa ruhusa ya kupanda meli, kwa hiyo wengi walisafiri kwa karatasi ya ndugu. Nadhani padre alimpa Benito cheti cha ubatizo cha mdogo wake aliyekufa. Babu yako alikuwa Benito. Pole sana. Cheti cha Ramón umekwisha kukipata, na utakachokifanya nacho ni juu yako. Mimi sina wa kumwambia."

"Dada, ipo au haipo?" yule mzee aliuliza.

"Hakuna," Zenaida akasema.

Akamwambia hakuna na aliyefuata, na aliyefuata tena, bila kusikia wameulizia nini. Kichwani alikuwa na kitu kimoja tu: sahani juu ya kabati. Miaka hamsini mtu yule aliitikia jina la mdogo wake aliyemzika. Mke alimwita hivyo kitandani, wanawe walilibeba shuleni, likachongwa kwenye kaburi lake. Na mara moja kwa mwaka alimwekea mwenye jina chakula chake.

*

"Nani alimtuma huyo mama aendelee kuchimba?" Osniel alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa ukuta wa jirani ulikuwa wa mbao.

"Bibi yako."

"Basi bibi asijue. Futa huo ujumbe. Cheti tunacho, muhuri kinao, ubalozini wanaomba cha kuzaliwa, hawaombi cha kufa."

"Osniel, nitaweka saini kwamba huyo ndiye babu yangu. Mtoto wa miaka minane!"

"Na mjukuu wa Mgalisia wewe si ndiye? Damu ni ile ile! Baba yao mmoja, mama yao mmoja. Tunamwibia nani?"

"Basi twende tuwaeleze hivyo hivyo. Babu ni Benito."

"Kwa karatasi gani, mama? Hapa Kuba hakuna Benito. Hakuingia, hakuoa, hakuzaa, hakufa. Utawaonyesha nini, sahani?"

Osniel aliinama akaanza kufungua feni iliyokwisha kufunguliwa. "Mapipa nitayapata mengine," alisema bila kumtazama. Hakuwa anamtisha, na hilo ndilo lililomtia Zenaida hofu. Alisema tu kama mtu anayetaja bei ya kitu.

Zenaida alikaa na siri hiyo siku nne. Ya tano ikamshinda. Bi Argelia alikuwa amekwisha kutenga kitambaa chake cheusi cha kanisani kwa ajili ya misa ya Xosefa, na kila alipokigusa alimwambia binti yake, "Baba angefurahi." Zenaida alivuta kigoda akakaa miguuni pake, akamweleza karibu na sikio, neno kwa neno, akirudia pale ambapo hakusikia.

Kiti kiliacha kubembea.

"Alikufa kwa nini huyo mtoto?"

"Koo, mama."

"Miaka minane." Akaangalia kabati. "Kumbe ilikuwa yake. Na mimi nikatia kidole."

"Mama, hukujua."

"Hakuna aliyejua. Angetuambia! Tungemsaidia kulia." Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke. "Benito," alisema, akilijaribu jina mdomoni. "Baba yangu Benito. Nimemlilia mtu miaka hamsini na zaidi nikimwita siye."

Osniel alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Kwa mara ya kwanza tangu habari hizo zije alionekana ana aibu. Akaja akachuchumaa.

"Bibi, niambie niache, nitaacha."

Bi Argelia alimshika kidevu, akamtazama sana, kama anavyotazama mchele.

"Mtoto yule alimvusha baba yangu," alisema. "Na akuvushe wewe. Sitaki uende na mapipa. Lakini nikusikie unaniahidi kitu. Ukishapita, mniachie nimwite baba yangu kwa jina lake. Nataka misa. Jina lake lisomwe kanisani kwa sauti, Benito Lourido, watu walisikie, wauliziane ni nani. Kisha nife."

"Siku pasipoti itakapotoka, bibi. Siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya hapo usimtajie mtu. Majina ya wanaosomewa misa yanabandikwa mlangoni pa kanisa. Nusu ya mji huu ina faili ubalozini, na kila mmoja ana mdomo."

"Nitangoja. Baba alingoja zaidi."

*

Machi, Zenaida na Osniel walisafiri hadi Havana, wakalala chini ukumbini kwa binamu wa jirani, wakashika foleni alfajiri wakiulizia nani wa mwisho. Kwenye dirisha, msichana mwenye sauti ya upole alikagua karatasi moja moja, akamwuliza Zenaida, "Huyu Ramón Lourido ndiye babu yako mzaa mama?" Zenaida akasema ndiye. Msichana akagonga muhuri, akawaambia wangoje kuitwa, huenda ikachukua mwaka, huenda zaidi. Akawatakia safari njema. Zenaida alitamani angekuwa mkali.

Bi Argelia alingoja kwa bidii. Kila Zenaida alipotoka kwenye kizingiti cha duka la dawa, aliulizwa, "Wameandika?" Hawajaandika. Alifikia hatua ya kutokwenda kanisani, kwa kuwa padre akiuliza waombewe akina nani, jina lilimjaa mdomoni akaogopa litamponyoka. Jirani, Bi Migdalia, alipomtania kwamba amemkasirikia Mungu, alicheka tu. Lakini jioni, akidhani hakuna anayemsikia, alibembea polepole akinong'ona, baba Benito, baba Benito, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Juni alishikwa na homa ya mapafu. Zenaida alizunguka mji mzima akitafuta dawa, na kila duka aliloingia mwenzake wa kaunta alimtazama kwa huruma akamwambia lile neno lake mwenyewe. Tarehe tisa Julai, kabla ya mapambazuko, Bi Argelia alimshika mkono akauliza, "Wameandika?"

Zenaida angeweza kusema ndiyo. Kwa maisha yake yote yaliyobaki angejiuliza kwa nini hakusema. "Bado, mama," alijibu, kwa sababu alizoea kusema hakuna pale ambapo hakuna. Mama yake akatikisa kichwa taratibu kuonyesha ameelewa, na saa moja baadaye alikuwa amekwenda.

*

Karani wa vizazi na vifo alikuwa kijana waliyemjua tangu utotoni, alisoma na Osniel. Ndiye yule wa tatu kati ya waliobaki. Aliwapa pole, akawapisha mbele ya foleni, akashika kalamu.

"Jina la marehemu?"

"Argelia Lourido."

"Jina la baba wa marehemu?"

Chumba kilikuwa kimejaa watu. Bi Migdalia alikuwa amewasindikiza, amesimama nyuma yao na leso. Zenaida alifungua mdomo. Alilisikia jina likija, herufi zote, hai kabisa. Alijua kwamba karatasi hii ndiyo ya mwisho duniani ambayo ingeandikwa mama yake ni mtoto wa nani.

Osniel hakumgusa. Alikuwa akitazama sakafu, shingo imeinama, na kwenye shingo ile Zenaida aliona kovu dogo la tetekuwanga aliyomuuguza alipokuwa mtoto wa miaka minane.

"Shangazi?" karani aliuliza kwa upole. "Baba wa marehemu?"

"Ramón," Zenaida alisema.

Kijana akaandika. Osniel alitoka nje akasimama juani, na walipomfikia alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

*

Tarehe thelathini na moja Agosti ubalozi ulikuwa bado haujaandika. Zenaida alipata unga wa maziwa kwa mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga, kiasi cha kujaza kikombe, na mdalasini ulikuwapo wa zamani. Alipika wali wa maziwa. Alijaza sahani ndogo ya siku zote akaiweka juu ya kabati. Kisha akachukua nyingine, ya kawaida, akaijaza akaiweka kando yake.

Osniel aliingia akiwa na njaa, ameshika kijiko. Alizitazama zile sahani mbili, na kijiko akakiweka mezani.

"Funga dirisha," mama yake alimwambia. "Na mlango."

Alifunga. Ndani kukawa na giza na harufu ya mdalasini. Zenaida alisimama mbele ya kabati, amejifunika kitambaa cheusi cha mama yake. Mlango wa kanisa ulikuwa mitaa miwili tu kutoka pale.

"Benito Lourido," alisoma, kwa sauti isiyopita mbao za ukuta. "Baba yake Argelia."

Ukutani, upande wa pili, Bi Migdalia alikohoa. Zenaida akanyamaza papo hapo.